Nadaiwa 386,000 za safari za kazi na sikuzila: zimekwenda wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Moshi, maeneo ya Pasua, nafanya kazi kwenye kampuni ya pembejeo. Kila mwezi nasafiri mara tatu au nne: Rombo, Same, Karatu, Babati. Kampuni inanitumia hela kwa M-Pesa, kwenye laini yangu hii hii ya siku zote: nauli, gesti, bodaboda, posho, wakati mwingine na hela ya ukumbi na chakula cha wakulima kwenye mafunzo. Vingine nalipa mfukoni wananirudishia baadaye, kuna siku inafika wiki sita. Mwezi uliopita mhasibu kaniambia nina 386,000 sijazirejesha na kwamba zitakatwa kwenye mshahara. Nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma. Sikuzila. Mume wangu naye anasema mbona kila siku simu yangu ina hela lakini nyumbani haionekani. Nifungue akaunti nyingine? Ninunue laini nyingine? Au tatizo ni mimi?"*

Dada yangu, pole. Naanza na hilo swali la mwisho maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Sidhani kama tatizo ni wewe. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo, nikiwa mhasibu wa ofisi za hapa Arusha zinazotuma watu vijijini, na maneno hayo "bado hujarejesha kiasi fulani" nimewaambia watu wengi. Wezi wa kweli walikuwa wachache, na karatasi zao zilikuwa safi kupita kiasi. Wanaokuja na bahasha iliyovurugika kama yako kwa kawaida ni watu waliotumia hela ya kazi kwenye kazi, wakaongezea na ya kwao humo humo, kisha wakakosa cha kuonyesha.

Hebu kwanza tuisikilize vizuri kauli ya mhasibu. Hakusema umekula 386,000. Alichosema, ukikitafsiri kutoka lugha ya ofisini, ni kwamba hana karatasi za 386,000. Mumeo naye hakusema huna karatasi, yeye anasema hela haionekani. Ninyi wote watatu mnadhani mnabishania shimo moja. Mashimo yapo mawili, moja la hela na moja la karatasi. Mumeo analiona la kwanza, mhasibu analiona la pili, na wewe uko katikati unajaribu kulifukia hili kwa udongo wa lile.

Nikupe mfano kwa namba. Nimezitunga mwenyewe, lakini utajiona humo. Unakwenda Babati siku nne, usiku tatu. Kampuni inakutumia 640,000. Humo ndani kuna nauli za kwenda na kurudi 60,000, gesti usiku tatu kwa 30,000 ambazo ni 90,000, bodaboda za vijijini 60,000, ukumbi na chakula cha wakulima 250,000, na posho yako ya siku nne kwa 45,000, yaani 180,000.

Meseji inaingia ukiwa stendi ya Moshi unasubiri basi. Unafungua unakuta salio ni 598,000. Mbona si 640,000? Kwa sababu wiki iliyopita umeme ulikata saa tatu usiku, ukanunua LUKU kwa Songesha, ile huduma ya M-Pesa inayokukopesha salio lisipotosha, ukaongezea na kitu kingine dukani, deni likafika 42,000. Huduma za namna hiyo hujilipa zenyewe mara hela inapoingia kwenye laini, na haziulizi hela ni ya nani. Kwa hiyo kabla hujakalia kiti, 42,000 za kampuni zimeshalipa umeme wa nyumbani kwako. Basi halijafika Boma Ng'ombe, mwalimu anapiga simu kuhusu hela ya gari la shule, 70,000. Unatuma, unajiambia "hii natoa kwenye posho". Mama naye yuko Marangu, dawa zimeisha, 30,000. Hiyo nayo kwenye posho.

Jumlisha: 42,000 na 70,000 na 30,000 ni 142,000. Posho ilikuwa 180,000, imebaki 38,000, na bado hujala hata chapati moja. Ukila kwa 15,000 kwa siku, siku nne ni 60,000. Umeshaingia kwenye hela ya mwajiri kwa 22,000. Weka na makato ya kutuma na kutoa kwa wakala, tuseme 14,000 kwa safari nzima, ambayo kwenye bajeti ya safari hakuna aliyeyaandika. Shimo la hela ni 36,000. Utalifukiaje? Kwa mshahara, ulioingia tarehe 25 kwenye laini hiyo hiyo wakati ungali Babati. Hukusikia hata maumivu. Ila mwisho wa mwezi nyumbani hela haitoshi, na mumeo anauliza.

Sasa njoo kwa mhasibu. Tiketi za basi unazo, nauli imekwisha. Ukumbi ulikuwa 160,000 na walikupa risiti, umekwisha. Mama lishe aliyepikia wakulima kwa 90,000 hana mashine. Gesti ya kwanza ilikupa risiti, usiku mbili zilizobaki ulihamia kwenye gesti ya karibu na kijiji, hawakukupa kitu, 60,000. Bodaboda wote, 60,000, hakuna karatasi hata moja. Shimo la karatasi: 210,000. Safari mbili tu za hivyo kwa mwezi, na hiyo 386,000 ya mhasibu umeshaipita. Angalia kilichotokea: katika 210,000 hizo hakuna hata shilingi iliyoliwa. Zilifanya kazi ya kampuni kila moja. Na 36,000 zilizopotea kweli, mhasibu hazijui, kwa sababu umeshazilipa mwenyewe.

Ndiyo maana nasema laini ya pili peke yake haitakuponya. Wengi huambiwa hivyo, "tenganisha laini", wakanunua, na baada ya miezi miwili wana laini mbili zilizochanganyika badala ya moja. Lazima kwanza ujue ni hela za aina gani zinazopita mikononi mwako. Ziko tatu. Kuna masurufu, au advansi kama wengi tunavyosema: hiyo si yako, umeshikishwa, na lazima ulete risiti au urudishe chenji. Kuna posho ya kujikimu: ofisi nyingi huitoa kwa siku, ukila ugali wa 3,000 ukabakisha ni yako, na risiti za chakula hawakuulizi. Soma sera ya kampuni yako hapo, kwa sababu baadhi ya ofisi hulipa chakula kwa risiti, na kama ndivyo kwenu basi hata hiyo ni masurufu. Ya tatu ni ile unayotoa mfukoni ukasubiri kurudishiwa. Hiyo ni mkopo. Wewe ndiye mkopeshaji, kampuni ndiyo mdaiwa, na unaikopesha bila riba kwa wiki sita. Tukilisema hivyo watu hucheka, lakini hesabu ndiyo hiyo. Hela hizo tatu zikilala kwenye salio moja, simu haijui kuzitofautisha. Inakuonyesha 598,000, wewe unajisikia una hela, mumeo akichungulia anaona una hela, wifi akipiga unaona aibu kusema huna. Na kweli huna. Ya kwako kwenye salio lile ilikuwa 138,000, na bado hujala siku nne.

Basi twende kwenye laini na akaunti. Kwa kiasi unachopokea na mahali unapokwenda, ningechukua laini ya mtandao mwingine, iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa ajili ya kampuni tu. Ukishaisajili piga *106# uhakikishe namba zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA ni zile unazozijua. Chagua mtandao kwa kuangalia mawakala wa huko uendako, siyo wa Moshi mjini. Hapa mjini wakala wapo kila nguzo. Ukifika Mang'ola au kwenye milima ya Same ndipo utajua ni mtandao upi wakala wake ana hela ya kutosha siku ya mnada. Usijiunge na huduma yoyote ya mkopo kwenye laini hiyo, hata ya vocha. Na namba hiyo wasiwe nayo ndugu, kikoba, wala mwalimu wa shule. Aijue mhasibu tu.

Kuna tabia moja ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko laini yenyewe, na watu hushangaa nikiisema: hela ya safari ikiingia, jilipe posho yako siku hiyo hiyo. Yote. Itume kwenye laini yako ya kawaida kabla hujapanda basi, na makato yake yaandike. Wengi wanafanya kinyume, wanaiacha posho humo "mpaka nirudi nione nimebakisha nini", wakidhani ndiyo uadilifu. Matokeo yake salio la kampuni linakuwa na hela yako ndani, na ukishakuwa na haki ya kuchota kidogo humo hutajua umevuka mpaka saa ngapi. Ukiitoa posho mapema, kilichobaki chote ni cha watu. Mwalimu akipiga simu, unaangalia laini yako, unakuta 180,000 ambazo ndizo chakula chako cha siku nne, na jibu utampa tofauti.

Akaunti ya benki je? Ina faida moja kubwa: taarifa yake ni safi, na mkaguzi anaiheshimu kuliko skrinshoti. Kama kampuni ingekuwa inakutumia milioni mbili au tatu kwa mafunzo makubwa, ningekwambia fungua bila kusita. Lakini wewe unalipa bodaboda wa Tarakea na mama lishe wa Hedaru. Hela itatoka benki iende kwenye simu, na kila hatua ina makato yake na usumbufu wake. Kwa sasa laini inatosha, na taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwenye programu ya simu kila mwisho wa mwezi ukaiambatanisha. Njia nzuri kuliko zote mbili, nayo haikugharimu kitu, ni kuiomba ofisi ilipe yale makubwa moja kwa moja. Ukumbi wa 160,000 una lipa namba. Kwa nini hela yake ipitie kwako? Mhasibu aulipe akiwa ofisini, wewe uende na uthibitisho. Kila shilingi isiyopita mkononi mwako ni shilingi ambayo huwezi kudaiwa. Wengine hawapendi kuomba hivyo wakidhani wanaonekana hawaaminiki. Mimi nilipokuwa mhasibu, aliyeniomba hivyo ndiye niliyemwamini zaidi.

Sasa karatasi, na hapa nitakaa kidogo maana ndiko zilikokwenda hizo 386,000. Wafanyakazi wengi wanadhani mhasibu anang'ang'ania risiti kwa roho mbaya. Ukweli ni kwamba naye ana wa kumkagua. Mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutoa risiti za kodi, zilianza kutumika nchini 2010, na tangu hapo risiti yake ndiyo ushahidi ambao TRA wanautambua. Kampuni ikikaguliwa na matumizi hayana risiti, yanaweza kukataliwa kwenye hesabu za kodi, na kampuni ikalipa kodi juu ya hela ambayo imeshatumika. Meseji ya M-Pesa inaonyesha kwamba hela imetoka kwako ikaenda kwa fulani. Haionyeshi ulinunua nini. Itunze, inasaidia sana, lakini haichukui nafasi ya risiti.

Risiti yenyewe nayo hufa, na wengi hawajui hilo. Karatasi ya EFD haina wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inaandika kwa kuichoma. Joto lilelile lililoiandika laweza kuifuta: ukiiacha kwenye dashibodi ya gari kutoka Makuyuni mpaka Babati saa saba mchana, inageuka yote kuwa kijivu. Ukiiweka kwenye pochi ya plastiki, au ukaishika na mikono yenye mafuta ya nyama choma, maandishi yanapauka taratibu mpaka unabaki na kikaratasi cheupe. Nimeshaletewa bahasha nzima ya vikaratasi vyeupe. Kaka wa watu ananiambia, "Hii ilikuwa dizeli, hii gesti," mimi naona karatasi tupu. Nilimwamini, lakini sikuweza kumlipa. Kwa hiyo piga picha pale pale kaunta, kabla hujaikunja, ile alama ya mraba ya kuhakiki ionekane vizuri. Halafu iweke kwenye bahasha ya karatasi, ya kaki, bahasha moja kwa safari moja, juu yake umeandika mahali na tarehe.

Kuhusu gesti, muda wa kuuliza ni kabla hujashusha begi. "Dada, mna mashine ya risiti?" Akisema mashine imeharibika, au "nitakuandikia ya mkono, mwenye mashine katoka", unajua mapema. Kama kuna gesti nyingine karibu, ondoka. Kama hakuna, mpigie mhasibu au mtumie meseji usiku huo huo: hapa nilipo hakuna gesti yenye mashine, nalala hapa, 30,000. Meseji hiyo ya saa mbili usiku ina thamani kuliko maelezo ya kurasa mbili utakayoandika mwezi ujao.

Bodaboda na mama lishe hawana mashine na hakuna anayetegemea wawe nayo. Ofisi inapaswa kuwa na fomu ya malipo madogo. Kama haina, tengeneza mwenyewe kwenye daftari: tarehe, jina, namba ya simu, kazi aliyofanya, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, sahihi. Bodaboda wa Mkuu hatakataa kusaini ukimwambia ni kwa ajili ya ofisi, atakuuliza tu kama kuna safari ya kurudi. Chakula cha wakulima kiambatanishe na karatasi ya mahudhurio. Ukisema umelisha watu 30 kwa 3,000, ziwepo sahihi 30. Na uandike jioni hiyo hiyo kabla hujalala. Ukisubiri mpaka Moshi, utakumbuka wali maharage uliokula na utasahau bodaboda watatu.

Kitu kimoja usikifanye hata ukibanwa vipi. Kuna watu watakupa risiti. Wa sheli atakuuliza "nikuandikie ya shilingi ngapi?", mwenzako ofisini ana risiti za ziada kwenye droo. Risiti ya EFD ina tarehe, saa na mahali ilipotoka. Nimewahi kukuta risiti ya mafuta iliyotolewa Himo saa nne asubuhi, ya mtu aliyesaini mahudhurio Karatu saa nne na nusu asubuhi hiyo hiyo. Mtu huyo alikuwa anaziba pengo la karatasi tu, hela aliitumia kwa haki. Lakini kuanzia dakika ile hakuwa tena mtu aliyepoteza risiti.

Hapo hapo nigusie na wazo ambalo wengi wanalo: "nikichota kidogo nitarudisha mshahara ukitoka, haina shida". Ina shida. Kutumia hela ya mwajiri kwa mambo yako bila ruhusa ni kosa la nidhamu hata ukiirudisha yote, na akiamua kuwa mkali linaweza kuitwa wizi wa mtumishi, ambalo ni jinai. Sikutishi. Nataka tu uelewe kwa nini nasisitiza deni kama lile la LUKU kwenye mfano wetu lisikatwe kwenye hela ya kampuni, hata kwa bahati mbaya.

Ile mikopo unayoikopesha kampuni, iwekee kikomo. Amua kiasi ambacho nyumba yako inaweza kukaa bila hicho kwa mwezi, tuseme 50,000, na zaidi ya hapo usitoe mfukoni mpaka mkuu wako aseme ndiyo kwa maandishi, hata kama ni meseji ya mstari mmoja. Madai yako yapeleke ndani ya siku tatu za kurudi. Wiki sita wakati mwingine ni uzembe wa ofisi, lakini nakuomba ujiulize kwa ukweli, ni mara ngapi katika wiki hizo sita fomu ilikaa kwako wiki tatu? Na kamwe usikope ili ugharamie safari ya kampuni. Nimeona watu wamekwenda kuchukua ile mikopo ya kausha damu ili wakafanye mafunzo ya wakulima, hela ya ofisi ikachelewa, riba ikala mara mbili ya posho.

Posho nayo, kwa ufupi, usiifanye mshahara wa pili. Najua huku kwetu wengi wanaishi hivyo, na mishahara yenyewe inajulikana. Lakini wewe ni wa Moshi, unaujua mwaka ulivyo. Katikati ya Desemba safari zinakoma, watu wote wanapanda mlimani kuhesabiwa, yaani kurudi kwao kwa sikukuu, na hazirudi mpaka Januari inaelekea mwisho. Ndiyo miezi yenye sikukuu na ada. Nyumba iliyopangwa kwa posho huishiwa wakati ule ule ambao haitakiwi kuishiwa. Kilichobaki kwenye posho za mwaka kikawekwe kwa ajili ya Januari, ukiweza.

Turudi kwenye deni. Usikubali wala kukataa bado. Muombe mhasibu akupe kwa maandishi mchanganuo wa hizo 386,000: safari ipi, tarehe ipi, kipengele kipi. Halafu muulize swali hili: je, umeshatoa na yale ninayowadai? Ofisi nyingi huweka masurufu kwenye daftari moja na madai ya wafanyakazi kwenye jingine, na madaftari hayo hayasalimiani. Nimeona mtu anadaiwa 400,000 huku ofisi hiyo hiyo ikiwa na fomu yake ya 290,000 ambayo haijalipwa. Baada ya hapo pitia kila kipengele na taarifa ya miamala yako. Gesti waliokupa chumba wapigie, uliza kama wanaweza kukuandikia barua yenye muhuri. Wasimamizi wa vikundi vya wakulima wanaweza kuthibitisha chakula. Sitakuahidi utazirudisha zote. Ningetegemea sehemu kubwa ipate maelezo, na inayobaki ukubali kuilipa kidogo kidogo.

Kuhusu kukata mshahara, mwajiri hana uhuru wa kukata anavyotaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato ya namna hii yawe na ridhaa yako ya maandishi, au yaruhusiwe na sheria nyingine, mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri) au amri ya mahakama. Kama ni kufidia hasara, lazima uonyeshwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, upewe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Angalia tu mkataba wako na fomu za masurufu ulizosaini. Nyingi zina mstari mdogo chini unaosema unaridhia kukatwa usiporejesha kwa muda. Hata kama umesaini, haki ya kuonyeshwa hesabu idai.

Mpaka hapo unaweza kujisaidia mwenyewe. Lakini wakianza kutumia neno wizi, wakikutaka usaini karatasi ya kukiri deni papo hapo, au wakikata bila kukuonyesha chochote, usiendelee peke yako. Nenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama mnacho, au muone mwanasheria ana kwa ana kabla hujasaini. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hupokea malalamiko ya makato kama haya, na muda wake ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo usiache miezi ipite ukingoja huruma. Na kama umeshaingia kwenye mikopo ya kuziba mikopo, mtafute mtu wa hesabu unayemwamini mkae na daftari mezani. Kwa maandishi kama haya siwezi kuona kila kitu.

Mumeo mwonyeshe huu mfano wa Babati. Usianze kwa kujitetea, chukua kalamu mpige pamoja hesabu ya safari yako ya mwisho, ya kwako upande huu, ya watu upande ule. Nadhani atashangaa jinsi ya kwako ilivyokuwa ndogo, na pengine mambo kama lile la gari la shule mtayaangalia upya mnayalipa kwa mshahara wa nani.

Usisubiri mwezi mpya ndipo uanze. Safari inayofuata, hata kama laini ya pili haijapatikana, jilipe posho kwanza, nunua bahasha ya kaki pale stendi, na ukifika gesti uliza kuhusu mashine kabla begi halijagusa sakafu.